Konokono na paka bustanini: ukimzuia mmoja unamkaribisha mwingine (uzi kwa wenye matuta ya uani, Dar)

MZEE WA TUTA (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Masika imeingia na kilio ni kilekile kuanzia Goba mpaka Mbagala: mchicha umetobolewa usiku, miche ya chainizi imekatwa shingoni, na tuta ulilolisawazisha jioni unalikuta asubuhi limefukuliwa, juu yake kinyesi cha paka. Ushauri nao ni uleule unaozunguka kwenye makundi ya simu: mwaga majivu, saga maganda ya mayai, nyunyiza pilipili, weka chupa za maji pembeni. Nimeona tuuweke wote mezani tuuchambue, maana mwingi ni porojo, na uliobaki unamfukuza mmoja huku ukimneemesha mwenzake.

Fundo liko hapo. Konokono anataka unyevu na maficho. Paka anataka udongo mkavu, laini, mtupu, ambao kucha zinaingia bila taabu. Ukimwagilia jioni tuta lilowe ili paka asichimbe, umewatengenezea konokono njia ya usiku kucha. Ukitandaza nyasi nene ili paka akose pa kufukua, umewajengea konokono nyumba. Ukiondoa nyasi zote ili konokono wakose pa kujificha, paka anashukuru. Kwa hiyo ukipewa dawa ya mmoja, jiulize kwanza inamfanyia nini mwingine.

Konokono kwanza, maana ndio wengi. Yule mkubwa wa kahawia anayepanda kuta zetu mvua ikinyesha ni mwenyeji wa Afrika Mashariki hii hii. Wataalamu humwita Achatina fulica, au Lissachatina fulica kwa jina jipya. Watu ndio waliomsambaza Asia, visiwa vya Pasifiki na Marekani, na huko kote ni balaa. Jimbo la Florida lilimkuta Miami mwaka 2011, likamsaka miaka kumi, hadi mbwa wa kunusa wakafundishwa kazi hiyo, na 2021 likatangaza kuwa ameisha. 2022 akaonekana tena upande mwingine wa jimbo hilohilo. Sisi tunaokaa kwao kabisa tusijidanganye kwamba tutawamaliza. Tunachotaka ni wapungue kiasi cha kuacha mboga ikue.

Kila mmoja wao ana jinsia zote mbili, na mkupuo mmoja wa mayai unaweza kuzidi 100. Mayai ni madogo, meupe yanayoelekea manjano, yamerundikana sentimita chache tu ndani ya udongo au chini ya takataka. Kiangazi cha Juni hadi Septemba msidhani wamekufa. Wanajibanza chini ya matofali, nyuma ya tangi la maji, kwenye viroba vitupu, wanaziba mdomo wa gamba kwa utando mkavu na kulala. Wakati huo ndio wa kuwakamata, hawatembei! Inua kila tofali na kila ubao, safisha nyuma ya tangi, pindua udongo wa matuta ili mayai yapigwe na jua. Fanya hivyo kabla vuli ya Oktoba haijaanza, utaona tofauti. Wengi wetu tunaanza vita mvua ikishanyesha, wakati wameshatawanyika shamba zima.

Mvua ikishaanza, jambo la kwanza ni saa ya kumwagilia (kwa siku ambazo mvua haijafanya kazi hiyo). Mwagilia asubuhi, juu pawe pamekauka jua linapozama. Konokono, mwenye gamba na asiye na gamba, hutembea juu ya ute anaoutoa mwenyewe, na juu ya udongo mkavu ute huo unamgharimu maji mengi ya mwili. Najua kuna mitaa ambako maji ya bomba yanatoka usiku tu. Huko kinga kwenye ndoo, mwagilia alfajiri, na mimina shinani badala ya kurushia tuta zima.

Jambo la pili ni mkono wako. Jua likishazama kwa saa moja au mbili, chukua tochi na ndoo yenye maji ya sabuni, vaa mfuko wa plastiki mkononi, okota. Ukitaka wakusanyike wenyewe, waachie maganda ya papai au tikiti maji pembeni ya tuta, upande wa ndani ukiangalia chini, au ubao mlowevu. Alfajiri unageuza na kuwakuta wamelala chini yake. Usiwapondeponde na kuwaacha tutani, na usiwatupe ng'ambo ya ukuta kwa jirani, watarudi, na jirani naye ana tochi.

Mfuko wa plastiki mkononi si madoido. Konokono hawa wanaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, Angiostrongylus cantonensis, na mtu akimla konokono mbichi au akala mboga mbichi iliyobeba vimelea hivyo anaweza kupata homa ya uti wa mgongo. Kachumbari na saladi zioshwe jani kwa jani kwenye maji yanayotiririka. Watoto wanaochezea konokono wanawe mikono kwa sabuni.

Sasa vizuizi vya kumwaga. Mwaka 2018 Royal Horticultural Society, chama cha watunza bustani cha Uingereza, kilipima vitano vinavyosifiwa sana kwenye letusi: utepe wa shaba, changarawe, magome ya msonobari, vidonge vya sufu na maganda ya mayai. Mboga iliyozungushiwa ililiwa sawa na isiyozungushiwa. Kwa hiyo mayai yenu, wakuu, yatieni kwenye mboji. Majivu yanazuia kweli, ila yakiwa makavu tu. Umande ukishuka yameisha nguvu, na ukiyarudia kila siku unaongeza ualikali kwenye udongo. Chumvi inaua konokono na inaua tuta lako pia.

Mabaki ya kahawa yana ukweli nusu. Watafiti wa Hawaii walionyesha mwaka 2002 kwamba mmumunyo wenye kafeini ya asilimia 1 hadi 2 unaua konokono. Kahawa ya kunywa ina kafeini kidogo mno kulinganisha na hiyo, na masimbi yaliyobaki kwenye dele la muuza kahawa chungu yameshachemshwa hadi yamechoka. Omba upewe kwa ajili ya mboji, kashata nunua kwa ajili yako.

Paka nitamleta kwenye bandiko linalofuata, nikapate chai kwanza.

BINTI KIGAMBONI

Asante mkuu, uzi mzuri. Huku kwetu udongo wenyewe mchanga mtupu, konokono si wengi kama Goba, ila paka sasa! Wanatoka kila kona. Na kuna mtu kaniambia nizungushie mchanga wa ufukweni konokono hawatavuka. Kweli?

MZEE WA TUTA

Dada, ule mchanga una chumvi. Mvua ya kwanza inaishusha kwenye mizizi ya mboga, na ikishaoshwa konokono anavuka kama kawaida. Na paka ndiye hasa umemletea choo kipya: mkavu, laini, unafukulika. Uache ufukweni.

Naendelea na paka. Kabla ya kumzuia, angalia unamwitia nini. Wengi tunamwagia maji ya kuoshea samaki, tunafukia matumbo ya samaki wa Feri na vichwa vya dagaa tukisema ni mbolea. Ni mbolea nzuri, lakini paka anaisikia harufu hata ukiifukia, na usiku anakuja kuifukua. Mwenye kutaka kuitumia aipeleke kwenye shimo la mboji lenye kifuniko kizito, ioze kwanza. Pili, tuta likikaa tupu wiki mbili likisubiri mbegu, ndilo atakalolichagua. Siku unayolisawazisha iwe siku ya kupanda na kufunika.

Kufunika kwenyewe: wavu wa kuku. Ulaze bapa juu ya udongo, ubane kwa vijiti, kata matundu pale miche inapotoka. Paka hapendi kukanyaga waya na hawezi kufukua chini yake. Konokono hapati kivuli wala unyevu kwenye waya, na hii ndiyo sababu naupenda kuliko kitu kingine chochote: ni kizuizi kisichompa mwenzake faida. Usipokuwa na hela ya wavu, chomeka vijiti vikavu vimesimama, kiganja kimoja kati ya kijiti na kijiti, paka akose nafasi ya kugeuka na kuchuchumaa. Matawi yaliyokatwa ya bogenvilia yenye miiba yakitandazwa machache yanafanya kazi hiyohiyo, ila kumbuka mkono wako utapita hapo wakati wa kuchuma.

Miche ikishakua na kufunga tuta, kazi imekwisha yenyewe, paka hana udongo wa kuona. Mchicha unafunga haraka. Matembele ndiyo kabisa.

Maganda ya machungwa na ndimu yanamkera paka kwa harufu, kwa siku moja au mbili. Yakikauka ni takataka, na yakilowa ni maficho ya konokono wadogo. Ukiyatumia, yaondoe yote kila asubuhi. Pilipili sikubaliani nayo: inamkaa kwenye nyayo, anajilamba, anajipaka machoni, na mvua ikinyesha hakuna kilichobaki. Chupa za maji za kumulika paka nazo achaneni nazo, nimeona paka amelala katikati yake.

MAMA WAWILI

Mimi nilishauriwa kupanda mchaichai kuzunguka bustani kwamba paka hapendi harufu. Paka wa jirani anakuja kuutafuna! Anakaa hapo asubuhi anakata majani kama mbuzi.

MZEE WA TUTA

Hahaha, mama, mchaichai ni nyasi, na paka wengi wanapenda kutafuna nyasi. Umempandia kiamsha kinywa. Ila usiung'oe, chai yake tamu, na akishughulika na mchaichai pembeni huenda akaacha tuta.

JIRANI ASIYECHOKA

Mnazunguka mno. Dagaa wachache, sumu ya panya, usiku mmoja kazi imeisha. Paka wenyewe hawana mwenyewe.

MAMA WAWILI

Astaghfirullah. Mwenzetu hebu futa hilo. Watoto wanacheza kwenye uwanja huohuo, na kuku wa watu wanadonoa kila kitu.

MZEE WA TUTA

Mkuu, hapana. Kwanza Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na kumtesa mnyama ni kosa awe na mwenyewe au asiwe naye. Pili, fikiria hesabu yako hadi mwisho. Ukiondoa paka mtaani, panya ndio watakaokula nyanya zako na mbegu zako kabla hazijaota. Na panya ndio wenyeji wa wale minyoo wa mapafu niliowataja: konokono anaambukizwa kwa kula kinyesi cha panya. Ukimuua paka unakuwa umeulisha mnyororo wote. Paka tunamtaka mtaani, hatumtaki tutani. Hayo ni mambo mawili tofauti.

JIRANI ASIYECHOKA

Sawa, nimesikia. Ila kinyesi chake kwenye mchicha wangu nani atakula?

MZEE WA TUTA

Hapo una hoja, na inahitaji jibu la maana. Kinyesi cha paka si cha kuacha kioze tutani ukadhani ni samadi. Paka aliyeambukizwa vimelea vya toksoplazima huvitoa kwenye kinyesi, kwa kawaida kwa wiki moja hadi tatu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Vikitoka havijawa na uwezo wa kumwambukiza mtu papo hapo, vinahitaji siku moja hadi tano. Kwa hiyo ukikiondoa siku hiyohiyo kwa koleo, pamoja na udongo unaokizunguka, umepunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Ukikiacha, udongo mlowevu unaweza kuhifadhi vimelea hivyo zaidi ya mwaka.

Wajawazito wasikishike kabisa, na wakilazimika kupalilia wavae glavu, maana maambukizi mapya wakati wa ujauzito yanaweza kumfikia mtoto tumboni. Mboga ya kupika ipikwe iive. Ya kula mbichi usiipande kwenye tuta ambalo paka analitumia, hadi utakapolifunika. Na kinyesi cha paka kisiingie kwenye mboji, joto la mboji zetu za uani halitoshi kuua kila kitu.

FUNDI RANDA

Mimi ni fundi seremala Tabata, watu wanakuja kuchukua randa na vumbi la mbao kwa ajili ya bustani. Wanasema konokono hapiti. Nawapa bure, ila nataka kujua kama nawasaidia.

MZEE WA TUTA

Fundi, karibu. Likiwa kavu linamsumbua kwa sababu linamnyonya ute. Likilowa ni godoro. Kwa masika hii ya Dar ni siku ngapi litakuwa kavu?

Lakini lililo kubwa zaidi: tenganisha vumbi la mbao zilizotiwa dawa, zile za kijani za kuezekea. Hilo usimpe mtu wa mboga hata akikubembeleza. Dawa za mbao huwa na metali ambazo hutaki ziingie kwenye udongo wa chakula. La mninga au mkongo ambalo halijatiwa kitu liende kwenye mboji au kwenye njia za kupita kati ya matuta.

FUNDI RANDA

Nimekuelewa. Kumbe nilikuwa nachanganya kwenye kiroba kimoja. Kuanzia kesho viroba viwili.

BINTI KIGAMBONI

Na bata? Shangazi yangu Chanika anafuga, anasema hajui konokono ni nini.

MZEE WA TUTA

Shangazi anasema kweli. Bata ndiye dawa ya asili kuliko zote nilizozitaja. Anakula konokono wadogo, wasio na gamba na mayai. Wale wakubwa wa ngumi hawawezi, hao ni wa tochi. Tatizo lake ni kwamba miche michanga ya letusi na chainizi anaihesabu kuwa chakula pia, na miguu ile mipana inalaza kila kitu. Ratiba ni hii: waingize baada ya kuvuna, kabla ya kupanda, wakae wapekue. Mboga ikiwa tutani, wabaki nje ya uzio, wazunguke pembezoni ambako ndiko konokono wanakotokea. Kuku naye anakula mayai ya konokono, ila anafukua kuliko paka, msijaribu.

Ila bata anataka maji na sauti anayo. Nyumba za kupanga zenye ukuta mmoja na jirani, muulize mwenye nyumba kwanza.

KIJANA WA SINZA

Wakuu, mimi nipo kwenye nyumba ya kupanga, bustani yangu ni viroba na ndoo kwenye kibaraza. Konokono wadogo wasio na gamba wananimalizia figili, na sielewi wanapanda vipi maana chini ni sakafu ya saruji. Mtego wa pombe vipi, unafanya kazi?

MZEE WA TUTA

Hawapandi usiku kutoka mbali, kijana, wanakaa hapohapo. Inua kiroba chochote sasa hivi uangalie chini yake. Panashika unyevu mchana kutwa, ndiyo nyumba yao. Viweke viroba na ndoo juu ya matofali mawili hewa ipite, futa chini kila ukimwagilia, na udongo unaoletewa upekue kwa mkono kabla ya kujaza, mayai mengi huja nao kutoka kwenye marundo ya samadi.

Mtego unafanya kazi kwa wadogo kama hao. Kinachowavuta ni harufu ya kuumuka, kwa hiyo huna haja ya kununua bia. Maji vuguvugu, kijiko cha sukari, hamira kidogo, kwenye kopo la siagi. Lifukie ila mdomo wake ubaki juu ya udongo kama sentimita mbili, ili mbawakawa wa ardhini wanaokula mayai ya konokono wasitumbukie nao. Badilisha kila baada ya siku mbili, likichacha sana linaleta mbu na nzi. Usitegemee litafagia kibaraza kizima, linavuta walio karibu tu.

MAMA WAWILI

Na zile punje za bluu za dukani? Muuzaji kaniambia ni za kawaida tu, hazina shida.

MZEE WA TUTA

Soma lebo, mama. Ikiandikwa metaldehaidi, iache dukani: mbwa na paka wanaweza kuila na inawaua. Ikiandikwa fosfati ya chuma, hiyo ni nafuu zaidi, na kwenye kilimo hai inakubaliwa nchi nyingi, ila bado ni ya kumwaga punje chache zilizotawanyika, si konzi. Kama punje hazina lebo, zimepimwa tu kwenye mfuko wa nailoni, usinunue.

JIRANI ASIYECHOKA

Haya, nimebadilika, msinicheke. Nimeanza kumtengea paka kona yake, nimemwaga mchanga mkavu nyuma ya banda chini ya kipande cha bati. Kuna anayejua kama atahamia huko, au nimejipa kazi bure?

BINTI KIGAMBONI

Mimi nilifanya hivyo mwaka jana, alihama. Ila chota kidogo cha kinyesi chake ukiweke hapo mwanzoni ajue ni choo, na mchanga usilowe. Ukilowa anarudi kwenye bamia.

MZEE WA TUTA

Naongezea: fanya yote mawili kwa pamoja, wavu tutani na mchanga konani. Ukimpa kona bila kufunga tuta atatumia kote. Na uwe unausafisha huo mchanga kila siku, paka hapendi choo kichafu.

KIJANA WA SINZA

Nimeinua viroba. Wakuu, sitaki kusema nimekuta nini. Huo wavu wa kuku unauzwaje, na nichukue upi?

MZEE WA TUTA

Unauzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Chukua wenye matundu ya inchi moja au chini, mkubwa zaidi paka anapitisha mguu. Kwa viroba huhitaji hata mita mbili: kata miduara inayoenea mdomo wa kiroba, acha tundu katikati kwa shina, na kunja ncha za waya ziangalie chini usijichane. Kwenye duka lolote uliza vipande vilivyobaki kwenye roli, huwa wanapunguza bei.